Vizio vilivyojificha kwenye chakula: jinsi ya kuvisaka, na la kufanya mzio mkali unapoanza

Mwenye mzio wa karanga ni nadra kudhurika na karanga anayoiona. Hiyo huikwepa tangu mbali. Inayomlaza hospitalini ni ile iliyosagwa ikatiwa kwenye mchuzi ili uwe mzito, ile iliyokaangwa jana kwenye mafuta yanayotumika leo, au ile iliyobaki kwenye mwiko ambao mpishi aliufuta kwa kitambaa akaona yatosha.

Natasha Ednan-Laperouse, binti wa miaka 15 wa Uingereza, alikuwa na mzio wa ufuta na alikuwa msomaji wa pakiti. Julai 2016, akiwa uwanja wa ndege wa Heathrow, alinunua mkate uliojazwa vitu ndani, akasoma maandishi yake, neno ufuta hakuliona. Ufuta ulikuwa umekandiwa ndani ya unga wenyewe. Na kwa kuwa mkate huo ulitayarishwa na kufungwa palepale unapouzwa, sheria ya wakati ule haikulazimisha viambato vyote viandikwe kwenye pakiti. Mzio ulimwanza akiwa ndani ya ndege kuelekea Nice. Baba yake alimchoma sindano mbili za adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, lakini hakuokoka. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika Oktoba 2021, na sasa huko hata chakula cha kufungwa papo hapo lazima kiandikwe viambato vyote.

Kizio, yaani kile kinachouamsha mzio, kwa kawaida ni protini. Haionekani kwa macho ikishachanganywa, na kiasi kidogo sana chaweza kutosha. Kwa hiyo kazi ni moja: kuifuatilia protini hiyo kila ilikopita kabla ya kufika mdomoni, na kujua la kufanya siku itakapokupita chenga. Ikiwa muda huu uko na mtu anayevimba au anayehema kwa shida baada ya kula, usisome kwa mfuatano. Nenda moja kwa moja Hatua ya 7.

Hatua ya 1: Hakikisha unajua mzio wako ni wa nini hasa

Wengi husema "nina aleji ya maziwa" wakimaanisha kwamba maziwa huwajaza tumbo gesi. Mara nyingi hilo ni upungufu wa kimeng'enya cha kusaga laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa. Linakera, lakini haliui. Mzio wa maziwa ni kitu kingine: kinga ya mwili inaishambulia protini ya maziwa, na mashambulizi hayo yanaweza kufunga njia ya hewa. Tofauti hii ina uzito dukani. Maziwa "yasiyo na laktosi" yanamfaa wa kwanza kabisa. Kwa wa pili ni hatari kama maziwa mengine, maana protini yote imo. Vivyo hivyo kwa gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na nafaka kadhaa. Mwenye siliaki, ugonjwa unaoamshwa na gluteni, huharibika utumbo polepole, ila mwenye mzio wa ngano anaweza kuanguka mezani. Tena bidhaa isiyo na gluteni inaweza kuwa imetengenezwa kwa wanga wa ngano uliosafishwa.

Muone daktari, ikiwezekana bingwa wa mzio. Atakuuliza maswali mengi kabla ya kupima chochote, nawe usione anakupotezea muda, kwa sababu maelezo yako ndiyo kipimo cha kwanza. Kisha anaweza kukudunga ngozi kidogo sana penye tone la kizio, au kupima kwenye damu kingamwili iitwayo IgE. Kipimo kikiwa chanya, maana yake mwili wako umekitambua kitu hicho. Peke yake hakithibitishi kwamba ukikila utadhurika. Shaka ikibaki, huamuliwa kwa kukulisha chakula hicho kidogo kidogo ukiwa hospitalini, dawa zikiwa kando. Jambo hilo halifanywi nyumbani hata kwa "kuonja tu". Kuna pia vipimo vya kingamwili nyingine, IgG, vinavyouzwa kwa mbwembwe, vikikuletea orodha ndefu ya vyakula "vinavyokukataa". Usivitolee pesa. IgG huonyesha tu kwamba umewahi kukila chakula hicho.

Muulize daktari kuhusu ndugu wa kizio chako. Anayedhurika na kamba mara nyingi hudhurika na kaa, na hata wadudu wa kuliwa, kwa kuwa protini zao zinafanana. Anayekataa korosho kwa kawaida hukataa na pistashio. Anayedhurika na maziwa ya ng'ombe asidanganywe kwamba ya mbuzi ni salama. Protini zake zinafanana mno. Karanga nayo ni jamii ya kunde, wala si jamii moja na korosho na lozi. Hata hivyo wengi wenye mzio wa karanga hula maharage bila tatizo, huku unga wa lupini, ambao ni kunde pia na hutiwa kwenye baadhi ya mikate na tambi za Ulaya, unaweza kuwaangusha.

Upo mzio mmoja unaowachanganya hata madaktari. Mtu anakula nyama ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe jioni, analala salama, usiku wa manane anaamka mwili mzima una mabaka na pumzi haitoshi. Chanzo chake ni sukari iitwayo alfa-gali iliyomo kwenye nyama ya wanyama wanaonyonyesha. Mwili huanza kuichukia baada ya kuumwa na aina fulani za kupe. Dalili huchukua saa 2 hadi 6 kujitokeza, ndiyo maana mtu hulaumu kila kitu isipokuwa ile nyama ya jioni. Mwenye mzio huu aangalie na jelatini, kwa sababu nayo hutokana na wanyama haohao.

Hatua ya 2: Soma lebo yote, kila unaponunua

"Kila unaponunua" ndipo watu wanapoteleza. Biskuti ulizozizoea miaka mingi zinaweza kubadilishiwa kiungo bila pakiti kubadilika rangi. Na pakiti kubwa na ndogo za bidhaa ileile zinaweza kuwa zimetoka viwanda viwili tofauti, kimojawapo kikiwa kinasaga karanga kwenye mashine hiyohiyo.

Kwanza fahamu sheria inaahidi nini mahali bidhaa ilikotoka. Umoja wa Ulaya unalazimisha vizio 14 vitajwe na vikolezwe maandishi: nafaka zenye gluteni, wanyama wa gamba kama kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa, njugu za mitini kama korosho na lozi, selari, haradali, ufuta, salfaiti, lupini, na jamii ya chaza na ngisi. Marekani inataja 9 tu. Ufuta uliongezwa kwa sheria ya mwaka 2021 na ukaanza kudaiwa kwenye lebo Januari 2023. Maana yake ni kwamba mwenye mzio wa haradali anayenunua bidhaa ya Marekani hana ahadi yoyote. Haradali inaweza kuwa imelala ndani ya neno "viungo". Mzio wako ukiwa nje ya orodha ya nchi husika, maneno kama "viungo" na "ladha ya asili" yahesabu kuwa ni kama pakiti isiyo na lebo. Mwandikie mtengenezaji umuulize, au rudisha pakiti kwenye rafu.

Sheria hiyo ya ufuta ilileta kioja. Baadhi ya viwanda vya mikate vya Marekani viliona ni kazi na gharama kusafisha mitambo hadi ufuta uishe kabisa, vikaamua kutia ufuta kidogo makusudi kisha kuuandika kwenye lebo. Kisheria wametimiza. Waliokuwa wakila mikate hiyo kwa miaka wakaamka ikiwa imegeuka sumu kwao. Asiyerudia kusoma lebo hakujua.

Pili, jifunze majina ya bandia. Maziwa hujiita kazeini, kazeineti, wei au laktalbumini, na hujificha mahali usipoyategemea: kwenye soseji, kwenye baadhi ya tuna za makopo, na hata kwenye krimu ya kahawa inayotangazwa kuwa si ya maziwa ilhali imo kazeineti. Samli na siagi ni maziwa. Yai huitwa albumini au ovalbumini. Lisozimu inayotiwa kwenye baadhi ya jibini hutokana na ute wa yai. Yai ndilo linalong'arisha juu ya mikate na maandazi ya kuoka, ndilo mayonezi yenyewe, na mara nyingi limo kwenye zile "nyama za kaa" za bandia, ambazo kwa kweli ni samaki aliyepondwa. Hapo anayekwepa kaa yuko hatarini, na anayekwepa yai na samaki yuko hatarini zaidi.

Ngano husomeka semolina, kuskusi, seitani au wanga wa ngano, na imo kwenye sosi nyingi za soya, kwa kuwa soya huchachushwa pamoja na ngano. Soya nayo ni lesithini, ni protini ya mboga iliyovunjwavunjwa, ni "nyama" isiyo nyama. Ufuta ni tahini na humusi. Lozi ni marzipani. Pesto ya asili hutumia mbegu za msonobari, lakini viwandani mara nyingi huwekwa korosho, na wakati mwingine hata karanga, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Samaki wadogo waliochachushwa wamo kwenye sosi kadhaa nyeusi za kutia kwenye nyama, na hakuna atakayekuambia mezani kwamba nyama ina samaki. Majina ya kizio chako yaandike kwenye simu, katika kila lugha unayokutana nayo kwenye pakiti.

Tatu, maneno "huenda ikawa na chembechembe za" fulani. Katika nchi nyingi maneno haya ni hiari ya mtengenezaji. Kuwepo kwake hakukuambii hatari ni kubwa kiasi gani, na kutokuwepo kwake hakumaanishi mitambo ilikuwa safi. Usipange ngazi kati ya "huenda ina" na "imetengenezwa kwenye kiwanda kinachotumia". Hakuna kipimo nyuma ya tofauti hiyo. Ushauri wangu kwa aliyewahi kupata mzio mkali ni kuyachukulia yote kama katazo. Na neno "haina bidhaa za wanyama" ni tamko kuhusu mapishi, halisemi lolote kuhusu usafi wa mitambo. Chokoleti ya namna hiyo inaweza kupita kwenye bomba lililopitisha chokoleti ya maziwa asubuhi.

Mafuta nayo yana siri yake. Mafuta ya karanga yaliyosafishwa sana huwa yamepoteza karibu protini yote, na wengi hawadhuriki nayo. Yaliyokamuliwa bila kusafishwa hivyo, yale yenye harufu ya karanga, bado yana protini. Kama huwezi kujua ni yapi, yaache.

Hatua ya 3: Kagua visivyo chakula

Hapa ni kwa kifupi. Mafuta ya lozi, ufuta na karanga hutumika kwenye losheni, sabuni na baadhi ya dawa za ngozi na masikio. Baadhi ya dawa za unga za kuvuta kwa wenye pumu zina laktosi yenye masalia ya protini ya maziwa. Chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwenye mayai ya kuku, kwa hiyo mwenye mzio wa yai aseme kabla ya kuchanjwa ili apangiwe utaratibu. Usiikimbie chanjo kimyakimya. Mwambie mfamasia mzio wako kila mara, hata unaponunua dawa ya kikohozi. Chakula cha mbwa, paka na ndege kina karanga, maziwa na samaki tele, na mtoto hukishika kisha akala kwa mkono uleule.

Hatua ya 4: Safisha jikoni kwa akili

Protini ya kizio ina tabia ya pilipili mkononi: unadhani umenawa ikaisha, ukijigusa jicho ndipo unajua bado ipo. Maji matupu hayatoshi. Dawa ya jeli ya kuua vijidudu haifai kabisa kwa kazi hii, kwa maana inaua vijidudu lakini protini ya karanga inabaki palepale kwenye kiganja. Kinachofanya kazi ni sabuni na maji ya kutiririka, au vitambaa laini vyenye sabuni. Meza isuguliwe kwa sabuni, isipanguswe tu na kitambaa kilichokwisha pangusa kwingine.

Usitegemee moto. Kuchemsha na kukaanga hakuondoi hatari ya karanga. Kuikaanga kavu hata huongeza ukali wake. Yai na maziwa ni kidogo tofauti, kwani baadhi ya wenye mzio huvumilia keki iliyookwa muda mrefu ingawa hawavumilii yai la kukaanga, ila hilo huamuliwa na daktari baada ya kupima. Mafuta yaliyokaangia kamba yana protini ya kamba, na viazi vitakavyofuata humo vitaibeba. Mvuke wa samaki anayechemka umewahi kuamsha mzio kwa watu ambao hawakumwonja, hasa wenye pumu.

Mpangilio mzuri ni kupika chakula cha mwenye mzio kwanza, kwa vyombo vilivyotoka kuoshwa, kukifunika, kukiweka rafu ya juu, kisha kupika vingine. Vyombo vyenye mikwaruzo na matundu, kama ubao wa kukatia, chujio, mashine ya kusagia na kibaniko cha mkate, ni bora awe navyo vyake. Mtungi wa jamu au siagi usichovywe kisu kilichopita kwingine. Hili la kisu linaonekana dogo hadi ukiangalia mtu anavyopaka mkate: anapaka siagi ya karanga, analamba ncha, halafu anarudi kwenye jamu. Jamu hiyo sasa ina karanga, na lebo yake bado inasema matunda na sukari.

Hatua ya 5: Uliza vizuri unapokula kwa wengine

Ukiuliza vibaya utajibiwa vibaya. Sikiliza mazungumzo haya:

"Samahani kaka, hii supu ina maziwa?"

"Hapana dada, haina."

"Mmeikaangia nini vitunguu?"

"Siagi kidogo tu."

Mhudumu hakudanganya. Kwake maziwa ni yale ya kwenye glasi. Kwa hiyo usiishie kutaja jina la kizio, uliza safari ya chakula. Mmepikia mafuta gani, na yamekaanga nini kabla? Mchuzi mmeuunga kwa nini, au ni wa pakiti? Naweza kuiona pakiti? Mwiko ni wa chungu hiki peke yake? Na kabla ya yote sema kwa ukamilifu: "Nina mzio wa maziwa. Nikila hata kidogo naweza kushindwa kupumua." Ukisema "situmii maziwa", utasikika kama mtu mwenye chaguo lake tu, na jikoni chaguo haliheshimiwi kama ugonjwa.

Mhudumu akijibu haraka mno bila kwenda kuuliza jikoni, au akisema "nadhani haina", mimi ningeagiza kingine. Chakula cha kujipakulia ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu vijiko huhama sinia hadi sinia. Vitamu vya mwisho vinafuata kwa hatari, maana karanga, lozi, maziwa na mayai hukutana humo pamoja. Kitu kikiletwa kimekosewa, usikubali wakitoe korosho juu na kukurudishia sahani ileile. Omba kipya.

Kuna na jambo ambalo vijana huona aibu kulisema. Busu linaweza kupitisha kizio, maana protini ya karanga hubaki kwenye mate baada ya kula, na kupiga mswaki peke yake hakuhakikishi. Usalama zaidi hupatikana saa kadhaa zikipita na huyo mwenzako akiwa amekula chakula kingine kisicho na kizio. Vijana ni kundi linalopoteza watu wengi kwa mzio wa chakula, na sababu ni za kibinadamu: hataki kuonekana tofauti, ameacha dawa nyumbani, anasubiri kwanza aone kama itapita.

Hatua ya 6: Zijue dalili, na ujue kinachozizidisha

Mzio mkali, anafilaksisi, kwa kawaida huanza dakika chache hadi saa 2 baada ya kula. Ngozi huwasha, mabaka huinuka, midomo na kope huvimba. Hizo pekee zinaweza kuwa mzio wa kawaida. Sasa angalia koo, kifua, moyo na tumbo. Sauti inakwaruza, mate hayamezeki vizuri, ulimi umejaa mdomoni, kikohozi hakikatiki, kifua kinapiga miluzi, uso umepauka, mtu anayumba au anataka kuzimia, anatapika tena na tena. Mtoto mchanga anaweza kulegea ghafla tu na kuwa kimya kuliko kawaida yake. Wakubwa wengi husimulia hisia ya ghafla kwamba "nakufa". Usiichukulie kuwa woga.

Usisubiri mabaka. Mtu mmoja hadi wawili kati ya kila 10 wenye anafilaksisi hawana dalili yoyote ya ngozi, na hao ndio hucheleweshewa dawa kwa kudhaniwa ni pumu au tumbo.

Kiasi kilekile cha chakula kinaweza kumwacha mtu salama leo na kumwangusha kesho. Vinavyoongeza makali vinajulikana: mazoezi, pombe, dawa kama aspirini na ibuprofeni, homa, kukosa usingizi, na siku za hedhi. Kuna watu wanaokula ngano kila siku bila shida, isipokuwa wakikimbia ndani ya saa chache baada ya kuila. Pumu isiyodhibitiwa ni hatari kubwa kuliko zote hizi, kwa hiyo dawa ya pumu ya kila siku ni sehemu ya kinga ya mzio wa chakula.

Hatua ya 7: Adrenalini kwanza, mengine baadaye

Uchunguzi wa vifo vya anafilaksisi Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa upande wa chakula, muda wa kati tangu kula hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30. Toa humo dakika za kusitasita, za kutafuta mkoba, za kuuliza jirani, uone zimebaki ngapi.

Dalili za pumzi, za moyo au za kulegea zikianza baada ya kula, au mwili ukishambuliwa sehemu mbili kwa pamoja, kwa mfano ngozi na tumbo, choma adrenalini. Mlaze mgonjwa kwanza. Shika kalamu ya adrenalini, yaani sindano yenye umbo la kalamu iliyokwisha jazwa dawa, kama maelekezo yake yanavyosema, toa kifuniko cha usalama, ikandamize upande wa nje wa paja, katikati kati ya nyonga na goti, hadi isikike ikifyatuka. Ishikilie hapohapo kwa sekunde zilizoandikwa juu yake. Inapita juu ya suruali, hakuna haja ya kumvua. Toa tu simu au funguo zilizo mfukoni pale. Usiweke kidole gumba kwenye ncha yoyote, kwa sababu wapo waliojichoma kidole wakimwacha mgonjwa bila dawa.

Kisha piga simu ya dharura ya nchi uliko, useme neno "anafilaksisi". Dakika 5 hadi 15 zikipita bila nafuu, choma ya pili. Ndiyo maana mtu hutembea na kalamu mbili.

Kuhusu mlalo, hapa watu wengi hukosea kwa wema. Alale chali, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aruhusiwe kukaa, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu. Asisimamishwe, asitembezwe hadi kwenye gari, asipelekwe msalani, hata akisema amepata nafuu. Mishipa ya damu imelegea na maji yake yanavuja. Akisimama ghafla, moyo unaweza kukosa damu ya kusukuma, na wapo waliokufa kwa kuinuliwa tu. Akiacha kupumua, anza kumkandamiza kifua.

Vidonge vya mzio, antihistamini, hutuliza mwasho na mabaka. Havifungui koo wala havipandishi shinikizo la damu, na huchukua muda kufanya kazi. Dawa ya pumu ya kuvuta itumike baada ya adrenalini ikiwa kifua kinapiga miluzi, isiwe badala yake. Usimtapishe. Usimnyweshe kitu chochote akiwa anashindwa kumeza.

Wengi huogopa kuchoma bure. Adrenalini inayochomwa pajani kwa kipimo sahihi humfanya mtu atetemeke, moyo umwende mbio na apauke kwa muda, kisha hupita. Kuchelewa kuichoma ndiko kunakojirudia kwenye taarifa za vifo.

Kalamu hizi hazipatikani kila mahali. Kama haziuzwi uliko, muombe daktari akuandalie mpango wa kichupa cha adrenalini na bomba la sindano, akufundishe kuvuta kipimo chako mbele yake hadi usikosee. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kisizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na huchomwa kwenye msuli wa paja. Kalamu za kawaida hubeba miligramu 0.15 kwa watoto wadogo na 0.3 kwa wakubwa. Tangu Agosti 2024 Marekani imeruhusu pia adrenalini ya kupuliza puani.

Kuitunza: ikae kwenye joto la kawaida la chumba, wala isiwe kwenye jokofu wala ndani ya gari lililoachwa juani. Chungulia kidirisha chake mara kwa mara. Dawa ikigeuka rangi ya kahawia au ikiwa na vumbi ndani, ibadilishe hata kama tarehe haijafika. Weka ukumbusho wa tarehe kwenye simu. Na iwe mahali panapofikika na kila mtu wa nyumba, isifungiwe kabatini kwa ufunguo ambao yuko nao mtu mmoja.

Hatua ya 8: Baada ya tufani

Nenda hospitali hata kama umepona kabisa ukiwa njiani. Mzio unaweza kurudi mara ya pili saa kadhaa baadaye bila kula kitu kingine, na umewahi kurudi hadi siku ya 3. Ndiyo maana hospitali hukaa na mgonjwa kwa saa kadhaa. Muda huo uwe mrefu zaidi kwa mwenye pumu kali au aliyehitaji sindano zaidi ya moja.

Mtu mwingine, si mgonjwa, akusanye ushahidi huku kumbukumbu ikiwa mbichi: pakiti pamoja na namba ya toleo lake, mabaki ya chakula kwenye mfuko uliofungwa, saa ya kula na saa ya dalili ya kwanza, dawa alizomeza siku hiyo, kama alifanya mazoezi au alikunywa pombe. Bila hayo, daktari wa mzio atabaki kubahatisha. Kama lebo haikutaja kizio, itaarifu mamlaka ya chakula ya nchi hiyo, kwa kuwa pakiti kutoka toleo lilelile bado ziko kwenye rafu na kuna mwenzako anayezisoma muda huu.

Kabla ya kurudi nyumbani, hakikisha una kalamu nyingine mbili. Ile iliyotumika, na zile zilizokwisha muda, usizitupe ovyo, zina sindano. Lakini kabla hujazirudisha kwa mfamasia, iliyokwisha muda bila kutumika wape wa nyumbani, mmoja aichome kwenye chungwa wengine wakitazama, na kila mtu ausikie ule mfyatuko.